Bei Iko Sokoni, Kinga Iko Kwenye Modeli

Ukimwambia mtu kwamba kazi yako ni kutengeneza modeli za hesabu za kuyumba kwa riba, jambo la kwanza linalomjia akilini ni bei: unaingiza namba upande mmoja, thamani ya mkataba inatokea upande wa pili. Miaka niliyokaa karibu na dawati la opsheni za riba, yaani mikataba inayompa mtu haki bila wajibu, imenionyesha kazi nyingine. Kwa mikataba inayouzwa kila siku, bei tayari iko sokoni, na modeli yoyote yenye vigezo vya kutosha itaifikia bila jasho. Kinachobaki, na ndicho kinachokuza mtaji au kuula, ni kujua kesho asubuhi ununue nini au uuze nini ili mkataba uliokwisha kuuza usikuumize. Modeli mbili zinaweza kukubaliana juu ya bei hadi senti ya mwisho, kisha kila moja ikakupa kinga yake. Nataka kulieleza hilo kwa namba, maana bila namba linabaki kuwa maneno tu.

Mkuu wa dawati nililolihudumia alikuwa dada mmoja aliyeuza opsheni za riba tangu enzi ambazo biashara yote ilipita kwenye simu. Nilikuwa nikimpelekea majedwali ya bei yaliyopangwa vizuri, tofauti na soko ikiwa sehemu ndogo ya pointi moja ya msingi, ambayo ni sehemu ya mia ya asilimia moja. Aliyatazama, akayaweka pembeni. "Mdogo wangu, bei nikiitaka napiga simu naipata. Mimi nataka delta. Riba ikishuka pointi kumi, kitabu changu kinafanya nini?" Delta ni kiasi ambacho thamani ya mkataba husogea riba ikisogea, na kitabu ni mikataba yote ya dawati kwa pamoja. Swali hilo ndilo lililoongoza karibu kila nilichokisoma baadaye.

Kwanza niweke sawa vifaa vyenyewe. Swopu ni makubaliano ya pande mbili kubadilishana malipo ya riba: mmoja analipa riba isiyobadilika, mwingine analipa riba inayoelea. Swopsheni ni haki, bila ya kulazimika, ya kuingia kwenye swopu siku fulani kwa riba iliyokubaliwa leo, ambayo huitwa kiwango cha utekelezaji. Dari la riba ni mfululizo wa opsheni ndogondogo zinazomlipa mwenye deni kila riba inayoelea inapovuka kiwango fulani. Nyuma ya mikataba hii kuna watu wenye sababu halisi: kampuni iliyokopa kwa riba inayoelea na haiwezi kumudu kupanda kwake, mfuko wa pensheni wenye ahadi za miaka 30 mbele, benki iliyotoa mikopo ya nyumba ambayo mteja anaweza kuilipa mapema wakati wowote riba ikishuka.

Ugumu wa riba ni kwamba si kitu kimoja. Hisa ya kampuni ina bei moja. Riba ni mstari mzima: ya usiku mmoja, ya miezi mitatu, ya miaka 2, ya miaka 10, ya miaka 30, na kila moja ina mwendo wake ingawa zote ni za ukoo mmoja. Kuyumba kwake nako si namba moja. Kunategemea muda uliobaki hadi opsheni iive, urefu wa swopu iliyo chini yake, na umbali kati ya riba ya sasa na kiwango cha utekelezaji. Kwa hiyo treda hasomi jedwali, anasoma mchemraba wa namba, na mchemraba huo hubadilika siku nzima.

Kipimo ambacho watu wa dawati hukitumia ni pointi za msingi kwa mwaka. Soko likisema kuyumba ni pointi 80, wengi hugawanya kwa 16 kichwani, kwa sababu mwaka una siku za biashara zipatazo 252 na kipeuo cha pili cha 252 kinakaribia 16. Unapata pointi 5 kwa siku. Ni hesabu ya sekunde mbili, lakini mimi naiona kuwa ndiyo yenye manufaa kuliko zote katika fani hii, kwa kuwa inaigeuza namba ya kitaalamu kuwa swali ambalo mtu yeyote anaweza kulijibu mwisho wa siku: je, leo riba imetembea zaidi ya pointi 5 au chini yake?

Sasa tuje kwenye kiini. Mwaka 1900 Louis Bachelier aliandika tasnifu yake kuhusu bei za soko la Paris, akichukulia kwamba bei inatembea kwa hatua ambazo ukubwa wake hautegemei bei ilipo. Mwaka 1976 Fischer Black alichapisha fomula ya opsheni za mikataba ya mbele ambamo hatua ni asilimia ya kiwango kilichopo. Kwa miongo kadhaa soko la swopsheni na madari lilitumia fomula ya Black kama lugha yake ya kila siku. Wa kwanza anasema riba ya 4% na riba ya 2% zote hutikisika kwa pointi 80. Wa pili anasema riba ikishuka kutoka 4% hadi 2%, mtikisiko nao unashuka kwa nusu.

Chukua swopsheni ya mwaka mmoja inayompa mwenyewe haki ya kulipa riba isiyobadilika kwa miaka 5, kwenye kiasi cha dola milioni 100. Riba ya mbele, yaani ile ambayo soko linaipanga leo kwa swopu ya baadaye, ni 4% na kiwango cha utekelezaji ni 4%. Pointi moja kwenye riba ya swopu hii ina thamani ya takriban dola 44,500. Soko linasema kuyumba ni pointi 80 kwa mwaka, ambayo kwa lugha ya Black ni 20%, kwa sababu 20% ya 4% ni pointi 80. Ukiikokotoa kwa Bachelier, bei inatoka karibu pointi 32, yaani kama dola milioni 1.42. Ukiikokotoa kwa Black, unapata kitu kilekile. Hakuna mteja atakayeona tofauti.

Delta ndiyo inayotofautiana. Bachelier anamwambia muuzaji ajikinge kwa swopu yenye ukubwa wa 0.50 ya mkataba. Black anamwambia 0.54. Sababu ni kwamba Black anaamini riba ikipanda, mtikisiko nao utapanda, kwa hiyo opsheni itaongezeka thamani kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Ile 0.04 inaonekana ndogo. Izidishe kwa dola 44,500, unapata takriban dola 1,780 kwa kila pointi moja. Riba zikishuka pointi 50 huku mtikisiko ukibaki pointi 80 kama zamani, aliyejikinga kwa Black ataachwa na pengo la dola 89,000 hivi zaidi ya mwenzake wa Bachelier. Hapo tunazungumzia mkataba mmoja. Kitabu cha dawati kina maelfu, na wote huenda wameegemea upande mmoja kwa sababu wateja wa aina moja hununua kitu cha aina moja.

Nani yuko sahihi kati ya hao wawili? Hili ni swali kuhusu dunia ilivyo, na hesabu peke yake haiwezi kulijibu. Kazi ya Deguillaume, Rebonato na Pogudin, iliyochapishwa mwaka 2013, ilichunguza riba za sarafu mbalimbali ikakuta sura yenye sehemu tatu: riba zikiwa karibu na sifuri, mtikisiko unakua pamoja na kiwango, katikati, ukubwa wake karibu hautegemei kiwango, na riba zikiwa juu sana, unaanza kukua tena. Nilipoisoma nilifurahi kweli, kwa sababu ilieleza kile ambacho data zangu zilikuwa zikinionyesha vipande vipande. Black na Bachelier kila mmoja ana mtaa wake. Mwenye modeli anatakiwa kujua leo yuko mtaa gani.

Halafu dunia ikahamia mtaa ambao Black hawezi kabisa kuufika. Juni 2014 Benki Kuu ya Ulaya ilishusha riba ya akiba za benki hadi 0.10% chini ya sifuri. Januari 2015 Uswisi ilifika 0.75% chini ya sifuri, na Japani ikaingia kwenye safu hiyo mwaka 2016. Fomula ya Black inahitaji logi ya riba, na namba hasi haina logi. Kwenye skrini matokeo yake ni ya wazi kabisa: seli za jedwali zinaacha kuonyesha bei na kuonyesha alama ya kosa, moja baada ya nyingine, kuanzia riba za muda mfupi kuelekea za muda mrefu. Watu walichagua kati ya njia mbili. Wengine walirudi kwa Bachelier, ambaye hajali riba iko upande gani wa sifuri. Wengine waliongeza namba ya kusogeza, tuseme 3%, ili riba ya nusu asilimia chini ya sifuri ihesabiwe kama 2.5%, kisha Black akaendelea na kazi.

Ile namba ya kusogeza ilizungumzwa kama jambo la kiufundi tu, la kuwaachia wenye programu. Nilipinga hilo wakati ule na bado napinga. Ukisogeza kwa 1% unabaki karibu na Black. Ukisogeza kwa 10% umekuwa Bachelier bila kutangaza. Bei za leo hazibadiliki, kwa sababu utarekebisha kigezo cha kuyumba hadi zilingane na soko. Delta zinabadilika zote. Kwa hiyo uamuzi wa namba ya kusogeza ni uamuzi wa kinga, na anayepaswa kuufanya ni mtu anayeangalia kinga.

Yote hayo yanahusu opsheni ambazo kiwango chake cha utekelezaji kiko sawa na riba ya sasa. Ukienda mbali, juu au chini, soko hutoza kuyumba kwingine, na ukichora unapata mkunjo ambao kila mtu dawatini huuita tabasamu. Mwaka 1994 Bruno Dupire alionyesha jinsi ya kujenga modeli ambamo kuyumba kunategemea kiwango na wakati, na inalingana na kila bei ya opsheni iliyoko sokoni. Ni kazi nzuri sana kihesabu. Lakini Hagan, Kumar, Lesniewski na Woodward, walipoleta modeli ya SABR mwaka 2002, walianza kwa hoja ambayo kwangu ndiyo ukurasa muhimu kuliko yote katika uwanja huu: modeli ya aina hiyo inatabiri kwamba riba ikipanda, tabasamu litasogea kushoto, wakati sokoni tabasamu husogea pamoja na riba. Yaani modeli inagonga kila bei ya leo na inakosea mwelekeo wa kesho. Walisema kinga inayotokana nayo inaweza kuwa mbaya kuliko ya Black wa kawaida, ambaye hajui tabasamu ni nini.

SABR ina vigezo vinne: alfa, ambayo ni ukubwa wa kuyumba, beta, inayoamua uko karibu na Bachelier au na Black, ro, uhusiano kati ya mwendo wa riba na mwendo wa kuyumba, na nu, kasi ya kuyumba kwenyewe kuyumba. Uzuri wake ni kwamba kuna fomula fupi inayokupa kuyumba kwa kila kiwango cha utekelezaji papo hapo, na dawati linaweza kuitumia kwenye mchemraba mzima kwa sekunde chache. Udhaifu wake unajulikana pia: kwenye viwango vya chini sana fomula hiyo inaweza kutoa uwezekano hasi, jambo lisilo na maana, na wenye mikataba ya viwango hivyo wanalazimika kuirekebisha.

Kilichonishughulisha kwa muda mrefu zaidi ni beta. Jaribu mwenyewe: weka beta sifuri, linganisha modeli na soko. Weka beta moja, linganisha tena. Mara zote mbili mkunjo unapita juu ya alama za soko vizuri, kwa sababu ro inafidia kile beta ilichoondoa. Bei za siku moja haziwezi kukwambia beta ni ipi. Na ukikokotoa delta kwa njia ya mwanzo, yaani unasogeza riba na kuiacha alfa ilipo, unapata delta tofauti kwa kila beta. Tulikuwa na treda wawili, kila mmoja na beta yake aliyoirithi kwa aliyemtangulia, na kila mmoja alikuwa tayari kuitetea hadi usiku.

Jibu lilitoka kwa Bruce Bartlett, mwaka 2006. Hoja yake ni nyepesi ukishaiona. Kama ro si sifuri, basi riba ikisogea, kwa wastani alfa nayo inasogea. Kuiacha alfa imetulia ni kuisaliti modeli yako mwenyewe. Ongeza msogeo huo wa alfa, ambao ni ro mara nu gawanya kwa riba iliyoinuliwa kwa beta, mara msogeo wa riba. Ukifanya hivyo, delta za beta mbalimbali zinakaribiana sana. Ugomvi wa beta unapoteza uzito, kwa sababu kile treda anachohitaji, mwendo wa pamoja wa riba na kuyumba, tayari kimo ndani ya umbo la tabasamu.

Hilo niliweza kuliona kwenye data, na ndiyo njia ya kupima modeli ninayoiamini hadi leo. Unachukua bei za kufunga za siku, unalinganisha modeli, unakokotoa kinga, kisha unasogea siku moja mbele na kuuliza: baada ya kinga, kimebaki nini? Unarudia kwa historia yote uliyonayo, kisha unaangalia mkengeuko sanifu wa masalia hayo. Modeli inayogonga bei zote lakini inaacha masalia makubwa haifai kwa mtu anayebeba mikataba usiku kucha. Modeli inayokosea bei kwa pointi moja hapa na pale, ila masalia yake ni madogo, naichukua. Sikuwahi kuona ubora wa ulinganifu wa bei ukinitabiria ukubwa wa masalia. Ilinibidi nipime kila mara.

Masalia hayo yana daftari lake, na ni vizuri kulisoma kwa mkono angalau mara chache kabla ya kuiachia kompyuta. Rudi kwenye ile swopsheni yetu ya dola milioni 100. Muuzaji aliyejikinga kwa delta anapata kila siku ya biashara takriban dola 2,800 za kupita kwa muda, kwa kuwa opsheni inazeeka. Malipo yake ni gama: riba ikitembea upande wowote, kinga yake inabaki nyuma na anapoteza kwa kadiri ya mraba wa msogeo. Ikitembea pointi 5, hasara ya gama inalingana na kile alichokipata, siku inafungwa sifuri. Ikitembea pointi 2, amebaki na faida. Ikitembea pointi 15, hasara ya gama ni karibu dola 25,000, na mapato ya siku tisa hivi yamekwenda kwa alasiri moja. Mkataba wote ni mashindano kati ya kuyumba kulikosomwa kwenye bei siku ya kuuza na kuyumba kulikotokea kweli. Ninapomfundisha mtu mpya naanzia hapa, kabla ya mlinganyo wowote, kwa sababu akishaielewa hii safu mbili za daftari ataelewa kila modeli inajaribu kufanya nini.

Mikataba ambayo bei yake haipo sokoni ni suala jingine. Hapo modeli ndiyo inayotoa bei, na ndipo uangalifu unapotakiwa kuwa mkubwa zaidi. Mfano wa siku zote ni swopsheni ya Bermuda, ambayo mwenyewe anaweza kuitekeleza katika tarehe kadhaa, tuseme kila mwaka, badala ya tarehe moja. Wengi huikokotoa kwa modeli ya Hull na White ya mwaka 1990, mzao wa ile ya Vasicek ya 1977, ambamo riba ya muda mfupi huvutwa kurudi kwenye mstari wake kila inapokwenda mbali. Unalinganisha modeli na swopsheni za kawaida zinazomalizika tarehe moja: mwaka 1 kuingia miaka 9, miaka 2 kuingia miaka 8, miaka 3 kuingia miaka 7, na kuendelea. Zote zinagongwa sawasawa.

Kisha kuna ile nguvu ya kuvuta. Unaweza kuiweka sifuri au 5%, na swopsheni zote za kawaida zikabaki na bei zilezile kwa sababu kigezo cha kuyumba kinajirekebisha. Bei ya Bermuda inapanda kadiri mvuto unavyoongezeka. Sababu yake inafaa kufikiriwa polepole. Mvuto mkubwa hupunguza uhusiano kati ya riba ya swopu ya tarehe moja ya kutekeleza na ile ya tarehe inayofuata. Kama tarehe zote zingekwenda pamoja kama kitu kimoja, kuwa na tarehe kumi za kuchagua kusingekuongezea mengi juu ya ile iliyo bora. Zinapokwenda kila moja kivyake, kuchagua kunakuwa na thamani. Kwa hiyo unaponunua Bermuda unanunua uhusiano wa riba kati ya nyakati, na hakuna swopsheni ya kawaida kwenye ule mstari inayoweza kukukinga dhidi ya kigezo hicho. Naona ni wajibu wa mtaalamu wa hesabu kumwambia treda hivyo waziwazi, na kumpa namba: mvuto ukisogea kwa 1%, kitabu kinasogea kwa kiasi hiki. Alipoipata namba hiyo kwenye karatasi, yule dada alianza kupunguza ukubwa wa Bermuda mpya bila mtu kumshauri.

Modeli kubwa zaidi zipo. Heath, Jarrow na Morton walionyesha mwaka 1992 kwamba ukishachagua kuyumba kwa mstari wote wa riba za mbele, mwelekeo wake unajulikana wenyewe. Huna uhuru wa kuupanga. Brace, Gatarek na Musiela mwaka 1997 walijenga juu ya hilo modeli inayozungumza moja kwa moja na riba zinazouzwa sokoni. Mkataba unaolipa tofauti kati ya riba ya miaka 10 na ya miaka 2 unazihitaji, kwa sababu modeli ya chanzo kimoja cha mtikisiko inazifanya riba zote ziende pamoja kikamilifu, na tofauti inabaki karibu haina uhai. Zina gharama: zinahitaji uigaji wa maelfu ya njia, na namba za kinga zinatoka zikiwa na kelele. Ninazitumia pale mkataba unapozidai, si zaidi.

Kati ya Machi 2022 na Julai 2023 benki kuu ya Marekani ilipandisha riba yake kutoka kati ya 0% na 0.25% hadi kati ya 5.25% na 5.50%. Kwa mtu aliyejenga modeli zake kwa data za miaka ya riba ndogo, huo ulikuwa mtihani ambao kila dhana ilihojiwa mbele ya watu. Septemba 2022 mapato ya hatifungani za muda mrefu za Uingereza yalipanda kwa zaidi ya pointi 100 ndani ya siku chache, na tarehe 28 mwezi huo Benki Kuu ya Uingereza ikaingia sokoni kununua. Mifuko ya pensheni iliyokuwa na kinga sahihi kabisa kwa hesabu ya muda mrefu ilidaiwa dhamana ya fedha taslimu mara moja. Tangu hapo siwezi kutazama ripoti ya kinga isiyo na safu ya fedha zitakazodaiwa riba zikisogea. Kisha Machi 13, 2023, baada ya kuanguka kwa benki ya SVB, mapato ya hatifungani za Marekani za miaka 2 yalishuka kwa karibu pointi 60 kwa siku moja. Kumbuka lile daftari: gama hulipwa kwa mraba. Pointi 60 kwa muuzaji aliyelipwa kwa ajili ya pointi 5 hadi 10 ni mraba wenye ukubwa mara 36 au zaidi, na hakuna delta inayokusaidia ndani ya saa kama zile. Kinachosaidia ni opsheni ulizonunua kabla, kwa kila muda wa kuiva, zikiwa zimetawanywa pale mikataba yako ilipo na si mahali pengine.

Mabadiliko yanayonishughulisha sasa ni ya riba yenyewe inayoelea. LIBOR ya miezi mitatu, riba ya zamani ya benki kukopeshana, ilijulikana mwanzoni mwa kipindi. Ile ya dola ilifikia mwisho katikati ya 2023. SOFR, mrithi wake, iliyoanza kuchapishwa Aprili 2018, ni riba ya usiku mmoja, na malipo ya miezi mitatu hupatikana kwa kuikusanya siku hadi siku. Namba kamili inajulikana mwishoni. Opsheni ndogo ndani ya dari haifi tena kipindi kinapoanza. Inaendelea kuyumba huku ikipungua nguvu kila siku inayoongezwa kwenye jumla. Ukichukua kuyumba kusikobadilika kwa mtindo wa Bachelier na kupunguza nguvu hiyo kwa mstari ulionyooka, tofauti ni theluthi moja ya kipindi iliyoongezwa kwenye muda wa kuiva. Opsheni inayoanza baada ya miezi mitatu, kwa kipindi cha miezi mitatu, inakuwa na muda wa miezi minne badala ya mitatu, na bei yake pale riba ilipo inapanda kwa karibu 15%. Lyashenko na Mercurio waliliweka hili ndani ya modeli kamili mwaka 2019. Kwa mwenye kinga, mabadiliko makubwa yako kwenye mwendo wa kila siku: ile siku moja ya zamani ambapo riba ilisomwa na delta ikaruka ghafla haipo tena kwenye mikataba hii. Delta sasa inayeyuka taratibu kwa kipindi chote, na treda inabidi auze au anunue kipande kidogo cha swopu karibu kila asubuhi hadi siku ya mwisho ya kukusanya.